Peni za Clairwood: Namna Wakulima wa Mboga wa Durban Walivyochangisha Fedha

 Leo tunakwenda kusini mwa mji wa bandari wa Durban, nchini Afrika Kusini, hadi katika mtaa uitwao Clairwood.

Apitaye huko siku hizi kwa barabara ya South Coast huona malori mengi kuliko watu. Makontena yamepangwa juu ya viwanja ambavyo zamani vilikuwa bustani za mboga na migomba. Nyumba chache za bati na mbao zimebakia katikati ya maghala na gereji. Kando ya mtaa huo liko soko kuu la jumla la mboga na matunda la Durban, na hili ni jambo la kustaajabisha kidogo, kwa kuwa waliokuwa wakilima mboga hapo hapo waliondoka zamani. Lakini katika barabara ya Sirdar bado limesimama hekalu la Shree Siva Soobramoniar, na kila mwaka maelfu ya watu ambao hawaishi tena Clairwood hurejea wakiwa wamebeba mabegani kavady, yaani miti iliyopindwa na kupambwa kwa maua, kutimiza nadhiri zao.

Nani aliyelijenga hekalu hilo, na shule zilizokuwa karibu nalo? Hakuna serikali iliyoleta fedha kwanza, wala hakuna tajiri mmoja aliyetia saini hundi. Zilijengwa kwa michango. Na hapa ndipo penye habari yetu ya leo, kwa sababu nyakati hizi tunasikia sana juu ya mbinu mpya za kuchangisha fedha kwa ajili ya mashirika ya misaada ya maendeleo: watu hukimbia marathoni, hupanda milima, huuza nguo kuukuu, hutuma shilingi kwa simu. Mbinu hizo ni nzuri. Lakini nyingi si mpya kama zinavyodhaniwa, na baadhi yake zilijaribiwa katika jimbo la Natal na watu ambao wenyewe walihesabiwa miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 16 Novemba mwaka 1860, meli iliyoitwa Truro ilitia nanga Durban ikitoka Madras, ikiwa na Wahindi 342 walioletwa kufanya kazi kwa mkataba katika mashamba ya miwa. Hadi mwaka 1911, usafirishaji huo ulipokomeshwa, walikuwa wamekwishaletwa zaidi ya watu 150,000. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Aliyeumaliza alikuwa huru, lakini uhuru wenyewe ulitozwa kodi: kwa sheria ya mwaka 1895, Mhindi aliyetaka kubakia Natal bila ya mkataba mpya alipaswa kulipa pauni 3 kila mwaka. Wengi walibakia hata hivyo. Walikodi vipande vya ardhi pembezoni mwa mji, mahali penye vinamasi ambapo Wazungu hawakupataka, wakalima mboga na kuzichukua sokoni alfajiri. Clairwood ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Ilikuwa nje ya mipaka ya mji hadi mwaka 1932, na kwa miaka mingi haikuwa na barabara nzuri, wala mifereji ya maji machafu, wala shule za kutosha.

Miongoni mwa waliokuja Natal kwa njia nyingine alikuwamo wakili kijana, Mohandas Gandhi. Mwaka 1894 yeye na wafanyabiashara wa Durban waliunda chama cha Natal Indian Congress. Chama hakiendi bila fedha. Waliamua kwanza kwamba ada iwe kwa mwezi, na kima cha chini kiwe shilingi 5. Gandhi mwenyewe akajiandikisha kwa pauni 1. Punde wakagundua jambo ambalo mweka hazina wa chama chochote cha Mombasa au Tanga analijua vyema: kusema utatoa ni jambo moja, na kutoa ni jambo jingine. Kumfuata mtu kila mwezi kulichosha miguu. Basi wakaibadilisha ada ikawa ya mwaka, kiasi cha pauni 3 au zaidi, ilipwe mbele.

Katika kumbukumbu za maisha yake, Gandhi amesimulia kisa kimoja cha safari ya kuchangisha. Walifika Tongaat, kaskazini mwa Durban, kwa mwenyeji waliyemtarajia kutoa pauni 6. Akakataa katakata kupita pauni 3. Usiku ulikuwa umeingia, wageni wana njaa, na chakula kiko tayari. Wao nao wakakataa kula. Hawakugombana naye, hawakumtukana, walikaa tu. Wafanyabiashara wengine wa hapo wakaja kumsihi, naye hakutikisika. Usiku kucha mwenye nyumba na wageni wake walitazamana, na kulipopambazuka mwenyeji akalegea, akatoa pauni 6, na chakula kikaliwa. Habari hizo, asema Gandhi, zilienea hadi Stanger na hadi Charlestown, na kazi ya kuchangisha ikawa nyepesi zaidi baada ya hapo.

Msikilizaji ataamua mwenyewe kama hiyo ilikuwa hisani au mateso. Mimi naona silaha iliyotumika ilikuwa ni adabu ya ugeni: ni aibu kubwa mgeni kulala na njaa nyumbani mwako. Mchangishaji hodari huanza kwa kujua jambo ambalo watu wake hulionea haya.

Lakini Gandhi aliweka mkazo zaidi kwenye jambo jingine, nalo ni hesabu. Kila aliyetoa alipewa stakabadhi, na kila senti iliyotumika iliandikwa. Miaka 30 hivi baadaye bado alijivunia kwamba vitabu vya hesabu vya mwaka 1894 vilikuwa safi. Akaongeza onyo lililotokana na uzoefu wake. Chama kilipopata akiba kilinunua nyumba za kupangisha, ili kodi iendeshe shughuli. Baada ya yeye kuondoka nyumba hizo zikazusha ugomvi, na kodi ikawa inalimbikizwa mahakamani. Tangu hapo akaamini kwamba taasisi ya umma iishi kwa michango ya kila mwaka ya watu wake, siyo kwa mali. Kwa sababu taasisi yenye mali husahau kuwauliza watu wanataka nini.

Kwa wakaazi wa Clairwood, hata hivyo, haja kubwa ilikuwa ni majengo. Serikali ya Natal haikujishughulisha sana kuwajengea shule watoto wa Kihindi. Utaratibu uliotumika ulikuwa wa shule zilizosaidiwa na serikali: jamii itafute kiwanja, iunde kamati, ikusanye fedha za kujenga, ndipo serikali iongeze ruzuku na kulipa mishahara ya walimu. Kwa maneno mengine, mkulima aliyekuwa akilipa kodi kama wengine alilipa mara ya pili ili mwanawe apate dawati. Hata hivyo kwa miongo mingi shule nyingi za Wahindi katika Natal zilikuwa za namna hiyo, na nafasi hazikutosha. Mahali pengi wanafunzi waligawanywa kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, katika madarasa yale yale.

Ni katika ujenzi wa shule hizo ambapo ubunifu ulionekana. Fedha zilikusanywa kwa michezo ya kuigiza na maonyesho ya muziki, kwa mechi za kandanda, kwa maonyesho ya filamu na kwa mauzo ya vyakula vilivyopikwa na akina mama. Watamil walikuwa na mchezo wao wa ngoma na maigizo uliochezwa usiku kucha, ambao huko Natal ulipewa jina la ngoma ya futi sita. Kamati zilipita nyumba kwa nyumba zikiwa na daftari. Na shule ilipofunguliwa, kijitabu kilichapishwa chenye orodha ya waliotoa pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja. Majina ya waliotoa zaidi yalichongwa katika jiwe la marmari na kubandikwa ukutani. Kwetu tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Kweli, lakini daftari lililosomwa hadharani liliusaidia moyo huo kuamua haraka. Anayejua harambee za Kenya, ambapo jina la mtu na kiasi chake hutangazwa kwa kipaza sauti huku umati ukipiga makofi, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1927 alifika Afrika Kusini mwakilishi wa kwanza wa serikali ya India, V. S. Srinivasa Sastri. Aliwashawishi Wahindi wa Natal wakachanga kiasi cha pauni 20,000 hivi, ikajengwa huko Durban shule ya sekondari na mafunzo ya ualimu iliyofunguliwa mwaka 1929 na kupewa jina lake. Tulikumbuke jina hilo la Sastri College, tutalirudia. Na mwaka 1941, mzee aliyeitwa M. L. Sultan, ambaye alifika Natal mwaka 1890 kama kibarua wa mkataba na kuwahi kuwa mchukuzi wa reli, alitoa pauni 12,500 kwa ajili ya chuo cha ufundi, kwa kumbukumbu ya marehemu mke wake. Chuo hicho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban.

Kabla ya kuendelea, kuna habari inayotugusa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Si mbali na Clairwood, katika mlima mrefu uitwao Bluff unaoikinga bandari, kuna mahali paitwapo King's Rest. Hapo waliishi Wazanzibari wa Durban. Wengi wao asili yao ilikuwa Wamakua, waliotekwa na wafanyabiashara wa utumwa, kisha majahazi yao yakakamatwa na manowari za Uingereza. Kuanzia Agosti mwaka 1873 walisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Durban, wakaambiwa kwamba wamekuwa huru, na papo hapo wakafungwa kwa mkataba wa kazi wa miaka mitano. Walikuwa Waislamu, wachache, na bila ya ardhi. Waislamu wa Kihindi wa Durban, kwa njia ya wakfu wa msikiti, walikishika kiwanja cha King's Rest kwa ajili yao, wakapata msikiti, makaburi na mahali pa kuishi. Hakuna aliyeuita mpango huo mradi wa maendeleo, lakini sijui tungeuita nini kingine: fedha za watu waliovuka bahari zikiwapa makao watu wengine waliovushwa bahari.

Sasa tufike kwenye misaada ya kimataifa yenyewe. Mwanzoni Wahindi wa Afrika Kusini walikuwa wapokeaji. Mwaka 1909 tajiri wa Bombay, Ratan Tata, alitoa rupia 25,000 kuunga mkono mapambano yao yaliyoongozwa na Gandhi. Na maelfu ya vibarua walipogoma mwaka 1913 kuipinga kodi ile ya pauni 3, Gopal Krishna Gokhale alizunguka India kuchangisha fedha za kuwalisha wagomaji. Miaka 30 baadaye mkondo uligeuka. Mwaka 1943 njaa kuu iliikumba Bengal. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 3 walikufa, vitani huko Asia kukiendelea na mchele ukiwa umepanda bei kupita uwezo wa maskini.

Huko Durban, mwaka 1944, msichana wa miaka 16 aliyeitwa Fatima Meer alishiriki katika kuchangisha pauni 1,000 kwa ajili ya wenye njaa wa Bengal. Tuzipime fedha hizo kwa kipimo cha siku zile. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Pauni 1,000 zilikuwa peni 240,000. Na waliochangishwa walikuwa jamii ambayo yenyewe, katika vitongoji vya aina ya Clairwood, bado ilikuwa ikipitisha daftari ili watoto wapate madarasa.

Jambo hilo halikutokea Durban peke yake. Oktoba mwaka 1942, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, kikundi cha watu kilikutana kutafuta namna ya kupeleka chakula Ugiriki, iliyokuwa chini ya Wajerumani na kuzingirwa na manowari za Uingereza yenyewe. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shirika la Oxfam, na miaka michache baada ya vita ikafungua duka la kuuza vitu vilivyotolewa na watu, mbinu ambayo sasa imeenea duniani. Oxfam imeandikwa vitabu vingi. Peni za Durban hazikuandikwa sana, labda kwa kuwa kamati zake zilivunjwa kazi ilipokwisha.

Fatima Meer hakuishia hapo. Januari mwaka 1949 yalizuka mapigano baina ya Waafrika na Wahindi mjini Durban, na watu 142 wakauawa. Mwaka 1952 yeye na Bertha Mkhize walikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha umoja wa wanawake wa Durban na wilaya zake, uliowaunganisha Waafrika na Wahindi, ukaendesha kituo cha kulelea watoto na kugawa maziwa katika Cato Manor, mahali pale pale ambapo damu ilikuwa imemwagika. Miaka ya baadaye alishiriki katika kuchangisha fedha kwa Wahindi ili zijengwe shule katika vitongoji vya Waafrika kama Umlazi na Inanda. Mtu anayejenga shule ya mwanawe anastahili sifa. Kumwomba mtu huyo huyo ajenge shule ya mtoto wa jirani aliyegombana naye, hiyo ni kazi ngumu kuliko kulala na njaa Tongaat. Fatima Meer alifariki mwaka 2010.

Na Clairwood? Mwaka 1956 baraza la mji wa Durban liliutenga mtaa huo kuwa eneo la viwanda. Wakaazi walipinga kwa miaka mingi kupitia chama chao cha walipa kodi ya nyumba. Lakini nyumba ikishaitwa ya muda hakuna anayeitengeneza, na mji haukuwa na haja ya kuweka taa wala mifereji mahali ulipopangia viwanda. Kidogo kidogo, kwa kununuliwa, kwa kuhamishwa na kwa kuchoka, makumi ya maelfu ya wakaazi yakabakia elfu chache. Wengi walipelekwa Chatsworth, kitongoji kipya cha Wahindi kilichojengwa katika miaka ya 1960 chini ya sheria za ubaguzi wa makaazi. Wazanzibari wa King's Rest nao waliondolewa wakati huo huo na kupelekwa huko huko Chatsworth, na ardhi waliyoshikiwa na wakfu ikachukuliwa. Mwanajiografia Dianne Scott, aliyeandika tasnifu juu ya kuinuka na kuanguka kwa Clairwood, ameonyesha jinsi ambavyo mtaa huo haukuwa nyumba tu bali taasisi ambazo watu wenyewe walizijenga; na kwamba taasisi hizo ndizo zilizowapa nguvu ya kupinga kwa muda mrefu vile.

Swali gumu ni hili: majengo yaliyotokana na peni za watu ni ya nani watu hao wakishahamishwa? Mwaka 1966 elimu ya Wahindi wa Natal ilipowekwa chini ya serikali kuu, shule zile za michango zikawa chini ya idara ya serikali ya ubaguzi. Nyingine zilibakia katika ardhi za wakfu, na mivutano ikaendelea hata baada ya uhuru wa mwaka 1994. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu katika kesi ya shule ya msingi ya Juma Musjid ya Durban, iliyokuwa katika jengo la wakfu uliotaka kulirejesha mikononi mwake. Mahakama ilisema haki ya elimu ya msingi ni haki ya kutekelezwa mara moja, na kwamba hata mwenye mali binafsi asiivuruge. Ingawa mwishowe wanafunzi walitafutiwa nafasi katika shule nyingine, na wakfu ukaruhusiwa kulitwaa jengo lake. Onyo la Gandhi kuhusu nyumba na mahakama lilikuwa limetimiza zaidi ya miaka 80.

Niliahidi kulirudia jina la Sastri College. Mmoja wa waliosoma katika shule hiyo ni Imtiaz Sooliman, aliyekuwa baadaye daktari mjini Pietermaritzburg. Agosti mwaka 1992, baada ya kukutana na sheikh mmoja wa Kisufi mjini Istanbul, alianzisha shirika la misaada la Gift of the Givers. Mwaka 1994 shirika hilo lilipeleka Bosnia hospitali nzima iliyotengenezwa Afrika Kusini ndani ya makontena. Tangu hapo limefanya kazi katika mafuriko ya Msumbiji, ukame wa Somalia, tetemeko la Haiti na kwingineko, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa watu wa kawaida wa Afrika Kusini na makampuni ya huko. Hapa Afrika Mashariki tumeona mfano unaofanana: Julai mwaka 2011, kaskazini mwa Kenya kulipokuwa na njaa, kampeni ya Wakenya kwa Wakenya ilikusanya zaidi ya shilingi milioni 600, sehemu yake zikitumwa kwa simu kupitia M-Pesa, na hata aliyekuwa na shilingi 10 alipokelewa. Daftari la nyumba kwa nyumba limeingia mfukoni, ila sasa hakuna jirani anayekutazama unapoandika kiasi chako.

Uwanja wa mbio za farasi wa Clairwood, sehemu ya mwisho kubwa yenye majani mabichi katika eneo hilo, uliuzwa mwaka 2012 kwa zaidi ya randi milioni 400, na sasa umejengwa maghala. Wakaazi na wanaharakati wa mazingira wa Durban kusini walipinga mpango huo, wakiendesha kampeni yao kwa michango na misaada ya kutoka nje. Hekalu la barabara ya Sirdar lenyewe liko pale pale. Siku ya kavady malori husubiri, barabara hujaa watu wa Chatsworth na Merebank waliovaa rangi ya manjano, na wajukuu wa wakulima wa mboga hupakua chakula kwa kila anayefika, bila ya kumwuliza alikotoka wala kumwomba chochote.